Kongosho la Kubandika: Siku Tisa za Kwanza na Omnipod 5

Kwanza inagonga. Ka, ka, ka, ka, kama mtu anayevuta tasbihi mbiombio ili awahi basi. Nimeibandika nyuma ya mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na mkono wa shati nimeukunja mpaka begani. Muuguzi amekaa mbele yangu na hagusi kitu. Kazi yote ananiachia mwenyewe. Nimeshabonyeza pa kuanzia kwenye rimoti, sasa nangoja. Ka, ka, ka. Halafu, bila hodi, TAP! Kitu kimenichoma na kurudi ndani kabla sijamaliza kukunja uso. Nikajipinda nichungulie kidirisha chake: rangi ya waridi imejitokeza. Mrija umeingia.

"Tayari," muuguzi akasema. "Umeshavaa."

Jamani! Mimi ni fundi simu. Nina kibanda mashariki ya London na nimeshika simu za kila kabila: za vitufe, za kukunja, zenye kioo kinachopinda. Kila mwaka watu huniletea toleo jipya wakitaka nishangae, na mimi nilishaacha kushangaa zamani. Lakini siku ile nilitoka kliniki nikitembea kama mtoto aliyevaa viatu vya Idi, mkono nimeutenga kidogo na mwili, nikiomba mtu aniulize, "Hicho nini?" Hakuna aliyeuliza. Ndiyo London hiyo.

Basi acha niwasimulie nyinyi. Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 12, Tanga, mwaka 1999. Kongosho langu liliacha kutengeneza insulini, likastaafu bila hata barua. Tangu nihamie huku 2009 nimekuwa nikijidunga mara nne kwa siku: moja ya insulini ya muda mrefu, tatu za insulini ya haraka kabla ya kula. Pigeni hesabu wenyewe, sindano 20,000 zimeshapita. Mlango wa pampu ulifunguka kwa wengi wetu Desemba 2023, pale NICE, chombo kinachoamua ni tiba zipi hospitali za umma za Uingereza zilipie, kilipoidhinisha mifumo ya aina hii kwa wenye kisukari aina ya kwanza. Tangu Aprili 2024 hospitali zinaigawa kidogo kidogo, kwa mpango wa miaka mitano. Foleni ni ndefu. Zamu yangu ilifika wiki iliyopita, Jumanne, na leo ni siku ya tisa.

Yenyewe ni ndogo kuliko nilivyodhani. Wanaiita podi. Urefu sentimita 5.2, upana 3.9, unene haufiki hata sentimita moja na nusu, uzito gramu 26 kabla hujatia dawa. Fikiria yai dogo lililokatwa kwa urefu, ubavu bapa ukapakwa gundi. Haina waya, wala ule mpira mrefu unaoning'inia kutoka kiunoni ambao wenye pampu nyingine huunasa kwenye kitasa cha mlango. Unavuta insulini kutoka kwenye kichupa kwa bomba la sindano linalokuja nayo, unaijaza kwa kitundu cha chini, inalia "pi pi" kukuambia imeshiba, unambandika mgeni wako mwilini, basi. Inachukua mpaka yuniti 200 na inaishi saa 72. Zikiisha inakupa saa 8 za huruma, halafu inazima.

Ninachotaka mkisikie kwa masikio mawili ni hiki: akili iko ndani ya podi! Si kwenye rimoti. Mimi nilidhani rimoti, ambayo kwa macho ya fundi ni simu ya Android iliyofungwa kila mlango, ndiyo bwana na podi ni mtumwa wake. Kumbe podi inazungumza yenyewe na kihisi cha sukari nilichobandika mkono huo huo, inapokea kipimo, na kila baada ya dakika 5 inaamua: nitie, nipunguze, au nisitishe? Inatazama sukari inaelekea wapi kwa dakika 60 zijazo. Siku ya tatu niliisahau rimoti mezani nyumbani nikaenda kazini nikiwa na hofu ya mtu aliyeacha jiko linawaka. Jioni nilipoiwasha, grafu yote ilikuwepo. Kidude kilikuwa kinaendelea na kazi, hakijanihitaji. Bila rimoti huwezi kujipa dozi ya chakula, na hapo nililazimika kula mchana kwa adabu, mayai na mboga tu, lakini ile insulini ya chini kwa chini iliendelea kama kawaida.

Na inavyotia! Tone lake moja ni yuniti 0.05. Mililita moja ya insulini hii ina yuniti 100, kwa hiyo chukua mililita moja uigawe mara 2,000, ndilo tone lenyewe. Kalamu yangu ya sindano haikuwahi kushuka chini ya nusu yuniti.

Podi ya kwanza ilipokwisha sikuweza kujizuia. Niliifungua. (Msinifuate. Ndani kuna sindano ya chuma, na mahali pake ni kwenye lile boksi la manjano la kutupia vyenye ncha, ambako hatimaye niliiweka.) Nilitarajia mota ndogo, kama ile inayotetemesha simu. Hakuna mota! Kuna waya mwembamba kama unywele, wa ile aloi inayokumbuka umbo lake. Umeme ukipita waya unapata joto na kujikunja, ukipoa unanyooka, na kila unapojikunja unavuta gurudumu lenye meno, gurudumu linazungusha parafujo, parafujo inasukuma kizibo cha insulini. Unywele mmoja! Nimekaa na kipande kile chini ya lenzi yangu ya kutengenezea bodi mpaka mteja akagonga kioo kwa hasira.

Uzuri ni kwamba historia ya kitu hiki ina tawi lake hapa hapa mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja wa Los Angeles, Arnold Kadish, alitengeneza pampu ya kwanza ya insulini, ukubwa wa begi la kubeba mgongoni. Kwenye picha inaonekana kama mzigo wa mwanajeshi. Lakini wazo la kutia insulini chini ya ngozi polepole mchana kutwa na usiku kucha, kwa kimashine cha kuvaa, lilijaribiwa kwenye hospitali ya Guy's, jirani na daraja la London, na John Pickup, Harry Keen na wenzao wakaandika matokeo mwaka 1978. Kimashine walichotumia kilibuniwa Mill Hill, kaskazini ya mji huu huu. Basi langu la asubuhi linapita karibu na Guy's. Siku ya nne nilijikuta naishika podi kwa vidole kama mtu anayepita mbele ya kaburi la mzee wa ukoo.

Usiku sasa. Hapa ndipo nilipoangukia kabisa.

Mwenye kisukari hiki halali, anasinzia tu. Sukari ikishuka saa tisa usiku unaamka umelowa jasho, mikono inatetemeka, unatafuta juisi gizani, na mkeo anakaa kitandani akikusomea Ayatul Kursi. Ikipanda unaamka mara nne kwenda msalani na asubuhi mdomo ni mkavu kama karatasi ya msasa. Usiku wa pili na podi nililala saa tano, sukari 8.1 (kwa milimoli kwa lita, vipimo vile vile vya Dar na Nairobi). Niliamka kwa adhana ya simu. 6.4. Nikaangalia grafu: mstari umelala chali usiku kucha kama bahari ya kaskazi iliyotulia, na chini yake vijiti vya insulini, kimoja kirefu, viwili vifupi, pengo, pengo, kifupi. Saa nane na robo ilisitisha dawa kabisa kwa dakika ishirini, kwa sababu iliona nateremka. Mimi nakoroma, mtu anachunga! Nilimwonyesha mke wangu. Alitazama kidogo akasema, "Kwa hiyo sasa nitalala na mimi?"

Jumamosi tulialikwa arusi East Ham. Pilau. Wenye kisukari wanajua pilau ni mhuni: mafuta yake yanachelewesha wanga, unajidunga kwa sahani iliyo mbele yako, saa moja baadaye sukari imeshuka, unakunywa soda, halafu saa tatu baada ya kula pilau lenyewe linafika na mizigo yake yote. Safari hii nilikadiria wanga, nikauingiza kwenye rimoti, nikajipa dozi robo saa kabla ya kula, na ule mkia mrefu wa baadaye podi ikaufuata yenyewe, vijiti juu ya vijiti. Nilifika 11.3 nikateremka polepole. Kwa pilau la arusi, na kachumbari, na nyama mara mbili! Kalamu haikuwahi kunifanyia hivyo hata siku moja.

Lakini nisiwadanganye kwa furaha yangu. Rimoti inataka uiambie unakula nini. Ukila bila kusema, itakimbizana na sukari kutoka nyuma, na daima itachelewa. Wanaouza maneno mtaani kwamba "mashine inafanya kila kitu" hawajawahi kuivaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo muuguzi alilirudia mara tatu, na mara ya tatu alisimama. Ndani ya podi kuna insulini ya haraka tu. Ile ya muda mrefu, niliyokuwa nikijidunga kila usiku, imeondolewa. Kazi yake inafanywa na hayo matone madogo ya kila wakati. Kwa hiyo huna akiba mwilini. Ukisahau sindano ya mchana zamani, ile ya usiku ilikuwa inakushikilia. Matone haya yakikatika, saa mbili tatu baadaye ketoni zinaanza kujikusanya, ile tindikali ya mwili unaochoma mafuta kwa kukosa insulini, na ndani ya nusu siku unaweza kuwa hospitalini unatapika na kuhema. Nilitikisa kichwa nikasema nimeelewa. Niliielewa kweli siku ya sita.

Kosa ni langu na nalisema wazi. Podi ya pili niliibandika ukingoni kabisa mwa mkono, upande wa nje, kwa sababu nilitaka ionekane. Majivuno. Asubuhi, nikitoka kibandani na boksi la vioo vya simu, nikaisugua kwenye fremu ya mlango. Niliigusa, iko mahali pake, nikaendelea. Saa saba mchana nikanusa harufu kama ya plasta mpya, kama Dettol. Insulini ina harufu hiyo kwa sababu ya dawa wanayoitia isioze; kila mwenye kisukari anaijua. Nikainusa bila kuifikiria, akili iko kwenye bodi ya mteja. Saa tisa sukari ilikuwa 16.8 na mshale unaelekeza juu, podi inatia na kutia, na haijalia hata kidogo.

Haijalia! Na mbona ilie? Podi inajua mrija ukiziba, kwa sababu inasukuma na haipiti. Mrija ukichomoka nusu, insulini inapita vizuri kabisa, inaingia kwenye gundi na shati. Kwa upande wa mashine kila kitu ni salama. Hesabu yake inaonyesha nimepewa yuniti kadhaa. Ngozi yangu haijaonja hata moja. Ndiyo maana harufu, unyevu kwenye gundi, na sukari inayopanda bila sababu ni kengele ambazo unazo wewe, mashine haina.

Nilifanya walivyonifundisha, kwa mpangilio huo huo. Kupima ketoni kwa tone la damu: 0.9. Chini ya 0.6 ni kawaida, ikivuka 1.5 unapiga simu kliniki. Ikivuka 3 hukai nyumbani, unakwenda hospitali. Kisha kujidunga dozi ya kurekebisha kwa kalamu, si kwa podi, maana podi ndiyo mshukiwa. Kisha kubandua, na nilipobandua mrija ulikuwa umekunjika kama mguu wa panzi. Podi mpya, safari hii nyuma ya mkono, mbali na milango. Na kitu kimoja ambacho ni rahisi kusahau ukiwa na hofu: mashine haijui ulichojidunga kwa kalamu. Ikiona sukari iko juu itarundika insulini yake juu ya ile yako, na baada ya saa mbili unajikuta sakafuni. Mimi nilielekezwa niiweke kwenye hali ya kuongozwa kwa mkono kwa saa nne kabla ya kuiachia usukani tena. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa 9.2. Saa moja usiku nilikuwa nasimulia kisa hiki kwa kila aliyeingia kibandani, na bado naisifu podi.

Tangu hapo naitwa bwana mkoba. Sitoki bila podi moja ya akiba, kichupa cha insulini, kalamu ya haraka, vijiti vya ketoni, kipimo cha kidole, na vidonge vya glukosi kwa ajili ya kushuka. Nyumbani, kwenye friji, kuna kalamu ya insulini ya muda mrefu inayongoja siku ambayo mfumo wote utakataa. Na nyuma ya kadi yangu ya biashara nimeandika kwa wino mipangilio yangu yote: yuniti ngapi kwa saa, yuniti moja inabeba gramu ngapi za wanga, inashusha sukari kiasi gani. Wateja wamelia machozi mbele yangu kwa picha za arusi zilizopotea na simu. Rimoti nayo ni simu. Ikianguka kwenye sinki leo, sitaki namba zinazoniweka hai ziwe zimezama nayo.

Maana mashine hizi nazo zina historia ya kukosea, na mpenzi wa kweli huijua historia ya mpenzi wake. Mwaka 2022 kampuni inayoitengeneza ilitoa tahadhari juu ya rimoti ya Omnipod 5: tundu la chaji na waya vikishikana vibaya vilikuwa vinapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Fundi simu yeyote angewaambia. Tundu la chaji ndilo linaloleta watu kwangu kuliko kioo kilichopasuka. Usilazimishe waya, usichaji chini ya mto, ukihisi joto chomoa. Mwaka 2023 ikawa programu ya Android kule Marekani: mtu akianza kuandika dozi kwa nukta, nukta inapotea, 0.2 inakuwa 2. Mara kumi! Kwa hiyo nina kawaida yangu ndogo sasa. Kabla sijathibitisha dozi naisoma kwa sauti. Wateja wanadhani nasali.

Rimoti inakuruhusu uweke picha na maneno yako kwenye kioo chake cha kwanza, ili usije ukaokota ya mtu mwingine nyumbani au kliniki ukajipa dozi ya sukari isiyo yako. Mimi nimeweka ufukwe wa Raskazone, kule Tanga. Na namba ya siri, maana nina mtoto wa miaka mitano ambaye kwake kila kioo ni mchezo.

Raskazone yenyewe naifikiria sana. Desemba nakwenda nyumbani, na podi hii inaogelea! Inastahimili maji ya kina cha mita 7.6 kwa dakika 60. Hapa natawadha na kuoga bila kuiwazia. Baharini kuna la kujua: rimoti haipendi maji hata kidogo, ibaki kwenye mkoba kivulini, na mawimbi ya Bluetooth hayapenyi maji, kwa hiyo podi na kihisi vitapoteana kwa muda. Podi isiposikia kipimo kwa dakika 20 inaacha ujanja na kutia kiasi kidogo cha tahadhari mpaka wasikizane tena. Ndiyo sababu pia unavibandika viwili hivyo upande mmoja wa mwili. Mwili ni maji, na podi iliyo tumboni haikisikii kwa urahisi kihisi kilicho nyuma ya bega jingine.

Joto ndilo linalonipa mawazo zaidi. Insulini haivumilii zaidi ya nyuzi 37, na jua la Tanga mwezi wa Desemba halina mzaha. Podi ikae chini ya nguo nyepesi, nisijianike nayo. Vichupa vya akiba nitavirudisha alikokuwa akiviweka Mama kabla hatujapata friji: kwenye mtungi wa udongo, ndani ya mfuko usiopitisha maji, kona yenye upepo. Maji yanajipenyeza kwenye udongo, yanakauka nje na kuondoka na joto. Ulikuwa unatosha, na umeme haukuwa ukikatika ndani ya mtungi.

Kwenye ndege naivaa tu. Milango ya ukaguzi ya uwanjani haiidhuru, tofauti na mashine kubwa za hospitali: kwa eksirei, skani ya CT au MRI podi hubanduliwa na kutupwa. Angani nitapima mara nyingi zaidi wakati wa kupaa, kwa sababu shinikizo la hewa likishuka, mapovu kwenye pampu hutanuka na kusukuma insulini ambayo hukuiomba. Watafiti wa Australia walilipima jambo hilo kwa pampu za mpira na kuliandika mwaka 2011. Ndiyo maana ukijaza podi unagonga bomba la sindano kwa ukucha mpaka povu la mwisho limetoka. Dakika nzima kama lazima.

Malalamiko? Ninayo. Kila siku tatu natupa mashine kamili, na betri zake, na bodi yake, na ule waya wa ajabu. Podi kumi kwa mwezi! Roho ya fundi inaniuma. Mtu anayehitaji yuniti 80 au 90 kwa siku ataimaliza kabla siku tatu hazijatimia. Ukitaka kuijaza kidogo tu haikubali, chini ya yuniti 85 haianzi. Gundi inawasha ikikaribia mwisho, na kuibandua kwenye mkono wenye nywele ni adhabu ndogo.

Na binamu yangu wa Tanga, ambaye naye ana kisukari, ameshaniuliza kama nimletee moja. Nilimwambia ukweli. Pampu hii si redio, ununue mara moja uondoke nayo. Ni podi kumi kila mwezi na vihisi viwili kila mwezi, na kliniki inayoijua ukipiga simu usiku. Kikikosekana kimoja, mzigo wa podi uliokwama bandarini ni hatari kuliko kalamu iliyopo kwenye friji. Alinyamaza. Nami nilinyamaza. Nilimwahidi kumletea kipimo cha ketoni na vijiti vyake, kitu ambacho kitamfaa hata na sindano zake.

Jana nilimpigia Mama kwa video nimwonyeshe. Nilikunja shati, nikasogeza simu karibu.

"Hilo ndilo linakutia dawa?"

"Ndilo, Mama."

"Lenyewe?"

"Lenyewe. Mchana na usiku."

"Kwa hiyo umepona, mwanangu?"

"Sijapona, Mama. Limenipokea mzigo mkono mmoja tu."

Alifikiri kidogo. Akasogea mpaka kioo chote kikawa jicho na miwani. "Na likiharibika, utajuaje?"

Nikamwambia linalia. Akataka alisikie. Kuna sehemu kwenye rimoti ya kujaribu kengele, nikaibonyeza, podi ikalia mkononi mwangu, pi pi pi.

"Linalia kama kifaranga," akasema. "Na wewe unalala kama gogo."

Kutoka jikoni sauti ya mke wangu ikamjibu, "Usijali, Mama. Mimi ndiye ninayeamka."